Dramu za Oda Hazitaokoa Kwaya Yenu

Wadau, leo nitaongea na wazee wa kanisa, na wapiga dramu wenzangu pia hawataponyoka. Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa ili mtu asiseme nimemzungusha: hapa kwetu Migori na Homa Bay, seti ya dramu ya oda kutoka ng'ambo ni pesa ya kutupa. Sisemi ni mbaya. Ni nzuri sana, ukiiona utameza mate. Lakini uzuri wake haufiki masikioni mwa aliyeilipia, na aliyeilipia ni mama anayeanika omena Sindo, ni kijana wa boda pale Rongo, ni mkulima wa miwa Awendo. Wao ndio wanaitwa mbele na bahasha. Kwa hivyo tuongee juu ya bahasha yao.

Kwanza tuelewane. Nikisema dramu za oda, sizungumzii ile seti unaikuta dukani Nairobi ndani ya boksi. Hizo ni za kiwandani, zinatoka nyingi na zinafanana kama mapacha. Ya oda ni ile unachagua kila kitu mwenyewe: mti gani, tabaka ngapi za mbao, upana gani, kina gani, rangi gani, mpaka vyuma viwe vya dhahabu au vyeusi. Fundi anakutengenezea wewe peke yako. DW ya California, iliyoanza 1972, imejijengea jina kwa kazi hiyo. Sonor ya Ujerumani, iliyoanza zamani zaidi, 1875, nayo iko humo. Hao ni mafundi kweli, sina neno nao.

Neno langu liko kwa bei. Seti ya namna hiyo inafika dola 5,000 bila jasho na inaendelea kupanda. Dola ikiwa shilingi 129 hivi, hiyo ni shilingi 645,000. Na hapo, sikiza vizuri, mara nyingi umenunua mizinga tu, yaani yale mapipa ya mbao na ngozi zake. Matoazi kando. Stendi kando. Pedali kando. Kiti kando. Halafu usafiri wa ndege au meli, ushuru wa forodha, VAT ya 16%, na gari la kuitoa Nairobi mpaka Migori. Ukimaliza kujumlisha unakuta uko kwa milioni au umeipita. Geuza hiyo milioni iwe gorogoro za omena, halafu uniambie kama mkono haukutetemeka.

Sasa swali ambalo hakuna mtu huuliza kwenye kikao cha kuchanga: sauti ya dramu inatoka wapi?

Fimbo inapiga ngozi. Ngozi ya juu inatetemeka, inasukuma hewa ndani, ngozi ya chini inajibu. Mzinga wa mbao unashikilia huo mtetemo na kuongeza ladha yake. Kwa hivyo ukitaka kubadilisha sauti, anza kwa ngozi yenyewe. Ukitoka hapo angalia ilivyokazwa. Kisha ukingo wa mzinga, pale ngozi inakalia, kama umenyooka au umelika. Kisha ukubwa wa mzinga. Aina ya mti iko huko nyuma kabisa ya foleni. Ipo, siikatai. Mbao za mepo, ule mti wenye jani lililo kwenye bendera ya Kanada, zina sauti tofauti kidogo na mahogani. Lakini tofauti hiyo utaisikia chumba kikiwa kimya, ngozi zikiwa mpya na kila skrubu ikiwa imekazwa sawa. Nionyeshe kanisa lenye hayo matatu Jumapili moja, tuongee.

Historia yenyewe inanitetea. Zamani dramu za Wazungu zilivalishwa ngozi ya ndama. Mvua ikija zinalegea, jua likiwaka zinakaza, mpigaji anashinda akihangaika. Mwaka wa 1957 Remo Belli wa Marekani akaanzisha kampuni ya kutengeneza ngozi za plastiki, na wapigaji dunia nzima wakahamia huko. Badiliko kubwa namna hiyo lilikuja kwa ngozi. Mti ulibaki vilevile.

Pita basi kwa makanisa yetu. Ngozi ni zile zilikuja na seti siku ya kwanza. Zimebonyea katikati kama sahani, zimebandikwa seloteipu juu ya seloteipu, ufunguo wa kukazia ulipotea na sasa wanatumia plaizi. Besi dramu imejazwa blanketi. Halafu mzee anasimama: "Dramu zetu zimekufa, ndugu zangu, tuchange tununue za kisasa." Omera, dramu haijakufa. Ngozi ndiyo imekufa. Umeona mtu akiuza gari kwa sababu tairi limeisha?

Tuingie sasa ndani ya jengo. Majengo yetu mengi ni mabati juu, simenti chini, kuta zimepigwa plasta, madirisha ya vioo. Kila kitu humo kinarudisha sauti. Ukipiga snea mara moja unasikia tatu. Hakuna dari, hakuna pazia, hakuna kapeti. Wale watu wa Marekani walichagua unene wa mzinga wako kwa milimita, wewe umeuleta chini ya mabati na mvua ya saa tisa ya ziwani ikianza, hata mhubiri hasikiki. Ile ladha ya mepo uliyolipia imekwenda wapi?

Na si hapo tu. Hiyo sauti inashikwa na maiki moja iliyofungwa kwa stendi na waya, inapita kwa mixa yenye vitufe viwili vimekwama, inatokea kwa spika ambayo ilipasuka kwenye krusedi ya mwaka juzi. Ukipitisha maziwa safi kwa chujio chafu, utakunywa uchafu. Afadhali hata hiyo milioni ingenunua spika.

Najua mtasema, "Wewe unaongea hivyo kwa sababu huna." Sawa. Twende kwa mtu aliyekuwa nazo. Ringo Starr wa Beatles. Mwaka wa 1963 alichukua seti ya Ludwig pale London, rangi nyeusi yenye mawimbi ya lulu. Ilikuwa seti ya katalogi, ile yeyote mwenye pesa angeingia dukani na kutoka nayo. Februari 1964 Wamarekani wakamwona akipiga Ludwig kwenye runinga, na watu wakamiminika kununua Ludwig. Mwaka wa 2015 seti hiyo ya 1963 iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 2. Fikiria hapo. Seti ya dukani ikafika dola milioni 2 kwa sababu ya mikono iliyoishika. Wewe unataka kununua seti ghali ukitumaini mikono itakuja baadaye.

Tusiende mbali sana. D.O. Misiani alizaliwa Shirati, hapo tu ukivuka mpaka upande wa Tanzania, na benga yake ilicheza kila nyumba ya huku mpaka alipofariki 2006 na bado inacheza. Ingia kwa matatu yoyote ya Homa Bay kwenda Mbita ikiwa imewekwa. Abiria wanatikisa kichwa, mguu unagonga sakafu. Uliza hao abiria dramu za ile rekodi zilikuwa za kampuni gani. Watakuangalia kama umepotea.

Sasa nijibu hoja za upande wa pili, maana zipo na zingine zina uzito.

Ya kwanza: "Mungu anastahili kilicho bora." Amina. Lakini bora ni nini? Gendia, karibu na Kendu Bay, Wasabato wamekuwepo tangu 1906, na wengi wao wanaimba bila dramu hata moja. Simama nje ya kanisa lao Jumamosi asubuhi usikie sauti nne zikipanda, kisha uniambie kimepungua nini. Makanisa ya Roho nayo yanatembea barabarani na ngoma ya kubebwa, vumbi mpaka magotini, na nyimbo zao unazisikia kabla hujaona bendera. Hakuna aliyeuliza mzinga una tabaka ngapi. Ubora wa hao uko kwa mazoezi ya katikati ya wiki, ambayo hayauzwi California.

Ya pili: "Itadumu, ni kitu cha kununua mara moja." Hapa watu wanadanganywa mchana. Kitu kinachoisha kwa dramu ni ngozi, fimbo, matoazi, pedali na vile viskrubu vidogo. Hivyo vyote vinaisha kwa kasi ileile hata kama mzinga ulichongwa na malaika. Mzinga wenyewe ukiutunza unadumu, wa oda na wa dukani vilevile. Tofauti ni moja: skrubu ya seti ya kawaida ikivunjika utapata nyingine Nairobi, au utaitoa kwa seti kuukuu. Skrubu ya seti ya oda yenye vyuma vya kipekee ikivunjika, unaandika barua pepe. Kuna kanisa moja huku, jina silitaji, ambalo mguu wa tomu kubwa ulipinda njiani kwenye paa la matatu siku ilipofika. Nilipopiga huko mwezi wa tisa baadaye, tomu hiyo bado ilikuwa imeegemezwa kwa matofali mawili. Matofali hayo ndiyo kitu pekee cha kienyeji kwa seti nzima, na ndiyo yalikuwa yanafanya kazi.

Ya tatu: "Ni kwa ajili ya mwili wangu." Hii naiheshimu. Kuna wapigaji wafupi, kuna wa mkono wa kushoto, kuna mwenye mguu unaouma. Lakini nusu ya hilo tatizo unalimaliza kwa kushusha kiti, kusogeza stendi na kugeuza mpangilio. Ni bure. Jaribu hiyo kwanza kabla hujaanza kuchangisha.

Kwa hivyo je, hakuna dramu ya oda yenye thamani? Ipo. Na iko hapa hapa, tumeikalia.

Ohangla ni nini? Ni seti ya ngoma kadhaa za ukubwa tofauti, zimepangwa pamoja ziongee, mtu anazipiga kwa fimbo huku orutu au akodeoni ikilia kando. Hiyo ni seti ya dramu, wadau. Na ni ya oda. Hutapata boksi la ohangla kwenye rafu ya supamaketi. Unaenda kwa fundi. Anakuuliza unapiga nini, unapiga wapi, utakuwa na nani. Anachagua gogo, anavalisha ngozi, unakuja kuipiga mbele yake. Ile ndogo ikilia sana, anairudia. Ngozi ikilegea kwa unyevu wa ziwa, mnaiota moto, inakaza. Ikipasuka miaka miwili baadaye, unampelekea kwa boda na jioni unarudi nayo. Wakati Tony Nyadundo alipoipeleka ohangla mpaka klabu za Nairobi miaka ya 2000, hakuna aliyesema hiyo ni ngoma ya bei rahisi kwa sababu fundi wake ni wa kijijini.

Nisifiche jambo moja. Ohangla ya zamani ilivalishwa ngozi ya kenge, na kenge ni mnyamapori. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na hapa Kenya kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Usiende kuagiza ngozi ya kenge ukisema ni mimi nilikutuma. Ongea na fundi juu ya mbuzi au ng'ombe. Sauti itabadilika kidogo, na ndiyo maana unahitaji fundi wa kukaa naye chini mpaka mpate inayokufaa.

Hapo ndipo nilikuwa nataka tufike. Pesa ya oda inanunua ule uhusiano na fundi. Rangi ya mzinga na muhuri wa kampuni vinakuja nyuma. Kama fundi yuko umbali wa kumtembelea, anakujua, na ukikwama anakuja, lipa hiyo pesa na uongeze. Kama fundi yuko bara lingine na hatawahi kuliona kanisa lako, wala kujua kwamba mvua ya ziwani inakuja saa ngapi, basi umelipia oda na umepata boksi.

Ndiyo, kuna watu naweza kuwaruhusu. Mwenye studio ya kurekodi, chumba kimetulizwa, maiki ni nzuri, na kazi inalipa. Mpigaji anayezunguka dunia na ana mtu wa kumtengenezea seti kila usiku. Mtu mwenye ulemavu anayehitaji kitu kilichojengwa kwa kipimo chake. Na tajiri anayetumia pesa yake mwenyewe, huyo anunue hata tano, sina haja naye. Lakini hakuna hata mmoja wa hao anayesimama mbele ya mama wa omena na kikapu.

Sasa tuseme mmeshachanga, milioni iko kwa benki, mnataka ushauri. Haya, bure kabisa.

Nunueni seti ya kati ya kiwandani, yenye vipuri vinavyopatikana nchini. Nunueni ngozi nzuri, na seti ya pili ya ngozi iwekwe kabatini. Weka pesa ya maana kwa matoazi, maana toazi baya halikazwi wala halirekebishwi, litakuwa baya mpaka kiama. Nunueni ufunguo wa kukazia, tena mitatu, na mmoja ufungwe kwa mnyororo. Wekeni dari ya mbao nyembamba na mapazia mazito nyuma ya dramu. Rekebisheni spika. Hapo bado hamjamaliza pesa.

Kinachobaki kipeleke kwa mpigaji. Huyo ndiye nimekuwa nikimfikiria tangu mwanzo. Mnamjua. Ana miaka 17, anaingia saa mbili asubuhi, anapiga mpaka saa nane, anapewa soda na "Mungu akubariki, kijana." Anarudi nyumbani kwa miguu. Fimbo ni zake, alinunua kwa pesa ya kubeba mchanga. Hakuna aliyewahi kumfundisha kushika fimbo vizuri, kwa hivyo anapiga kwa nguvu za mabega, na ndiyo sababu ngozi zinapasuka na nyinyi mnasema dramu imekufa. Masikio yake hayana kizibo. Dramu inapita desibeli 100 kwa urahisi, na mpaka unaotumika sana kwa mtu wa kazini ni 85 kwa saa 8. Kijana wenu anaketi katikati ya kelele hiyo kila wiki, chini ya mabati, na akifika miaka 40 atakuwa anawaambia watoto wake warudie walichosema.

Mlipeni nauli. Mlipeni posho. Mtafutieni mwalimu, hata kama ni mara mbili kwa mwezi, hata kama ni mpigaji mzee wa benga aliyestaafu pale Oyugis. Mnunulieni viziba masikio. Mwaka mmoja tu, seti ileile mliyokuwa mnaiita takataka itaanza kuwashangaza.

Nina hofu moja kubwa kuliko pesa yote hiyo. Watoto wanakua wakiamini kwamba muziki unaanzia kwa kitu cha kuletwa na kontena. Kijana wa Muhuru Bay anaangalia video za seti za dola elfu kumi, kisha anaangalia ile ndoo na sufuria anayofanyia mazoezi, anaziacha. Tunampoteza hapo. Na babu yake alichonga ngoma.

Kwa hivyo Jumapili hii, mwenyekiti wa kamati akisimama na ile picha ya seti inayong'aa, usibishane naye. Inua mkono kwa heshima, umuulize maswali matatu. Ngozi za zile za zamani zilibadilishwa lini? Hii mpya ikivunjika, fundi atatoka wapi? Na yule kijana anayepiga, anaitwa nani? Kama hilo la tatu limemshinda, rudisha bahasha yako mfukoni, na ukitoka nje mtafute huyo kijana umpe nauli.